Masafa Yanapovuma Badala ya Kusema: Jinsi ya Kutambua Stesheni Iliyovurugwa na Jinsi ya Kuipata

Mwaka huu nimeletewa rekodi za simu zisizopungua kumi, zote zina kelele za redio na maneno yale yale: "Sikiliza kaka, hawa wanaizibia stesheni." Nikiuliza ulikuwa umekaa wapi, jibu huwa sebuleni, redio imechomekwa kwenye adapta, televisheni inawaka. Katika rekodi zote hizo, mbili tu ndizo zilizokuwa na mvurugo wa kweli.

Kuvuruga masafa ni kurusha kelele, muziki au stesheni nyingine kwa makusudi juu ya matangazo ya mwenzako, ili wasikilizaji wa nchi fulani wasiyapate. Jambo hilo lipo, na sisi wa Afrika Mashariki ni majirani wa eneo ambalo limefanyika kwa miaka mingi, yaani Pembe ya Afrika. Lakini huwezi kulithibitisha, wala kulikwepa, kabla hujazimaliza kelele za nyumbani kwako. Wanaoshindwa karibu wote wamerukia hatua ya 5. Anza na ya 1.

## Vifaa

- Redio ya masafa mafupi yenye kuonyesha namba, inayotumia betri, yenye SSB (uwezo wa kusikiliza upande mmoja tu wa ishara, utauona hatua ya 7) na tundu la antena ya nje. Tecsun PL-330 na XHDATA D-808 zinatosha kabisa. Redio ya mshale pia husikia, ila hutajua kwa uhakika uko kwenye kilohezi ngapi, na kazi hii yote inategemea kujua hilo.
- Betri zilizojaa. Usisikilize ukiwa umechomeka chaja.
- Waya mwembamba wenye plastiki, mita 8 hadi 10, pamoja na kamba ya nailoni ya kuuning'iniza.
- Feraiti mbili tatu, yale mapete meusi ya kubana kwenye waya. Fundi wa kompyuta anazo kwenye nyaya za monita mbovu.
- Kwa antena ya duara: kebo ya antena ya TV mita 4, kapasita ya kuzungusha kutoka redio iliyokufa, na fito mbili za mbao.
- Daftari, kalamu na saa sahihi. Usiandike kwenye simu ukiwa kando ya redio, maana simu nayo ni chanzo cha kelele.

## Hatua ya 1: Hakikisha stesheni iko hewani

Stesheni za masafa mafupi hubadili ratiba mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Namba uliyoiandika mwezi wa pili huenda mwezi wa nne ina mtu mwingine kabisa. Pakua orodha ya EiBi ya msimu uliopo, yaani ratiba ya stesheni za masafa mafupi, ni faili la bure, au tafuta kwenye short-wave.info.

Orodha hizo zinatumia saa za UTC, yaani saa moja ya dunia nzima, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda, chukua UTC, toa 3, unapata saa kama tunavyozitaja kwa Kiswahili. Saa 1730 UTC toa 3 ni 14:30; imezidi 12, toa 12, yaani saa 2 na nusu usiku. Saa 0600 UTC ni saa 3 asubuhi. Aliyeko Burundi, Rwanda au Goma anatoa 4.

Kisha angalia kama bendi yenyewe ni ya wakati huo. Mchana tafuta mita 25, 19 na 16 (kuanzia kilohezi 11600 kwenda juu). Jua likizama, shuka mita 31, 41 na 49. Mtu anayetafuta stesheni ya mbali kwenye kilohezi 6000 saa 7 mchana hajazibiwa na yeyote, jua ndilo limeimeza ishara.

Onyo: ikiwa bendi zote zimenyamaza ghafla mchana, hata stesheni zenye nguvu, subiri. Mlipuko kwenye jua unaweza kuyafuta masafa mafupi kwa dakika kadhaa, au hata saa nzima na zaidi, kisha yakarudi yenyewe.

Umefanikiwa ukiwa na namba, saa, lugha, na mahali mtambo ulipo. Usiache hilo la mwisho. Stesheni inaweza kuwa ya nchi nyingine kabisa lakini inarushwa kutoka Talata Volonondry kule Madagascar, au Issoudun nchini Ufaransa. Utauhitaji mwelekeo huo kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 2: Safisha kelele za nyumbani

Hii ndiyo hatua ndefu, nami naomba usiifupishe.

2.1 Weka redio kwenye masafa yenye taabu, kwa betri peke yake bila chaja, antena yake ya fimbo ikiwa wima. Andika kelele ikoje: inavuma, inatatarika, au inalia kama nyuki.

2.2 Zima meni swichi ya nyumba. Usizime kifaa kimoja kimoja kwanza, zima yote. Kelele ikikatika, mhalifu yumo ndani.

2.3 Chomoa vifaa vyote, washa meni swichi, kisha rudisha vifaa kimoja baada ya kingine, redio ikiwa mkononi. Wanaokamatwa mara nyingi ni chaja za simu za bei ya chini, taa za LED, adapta za ruta na king'amuzi, na televisheni. Kumbuka kwamba televisheni iliyozimwa kwa rimoti bado inakula umeme na bado inaweza kupiga kelele. Ichomoe kwenye soketi.

2.4 Ukimpata mhalifu, badilisha chaja hiyo. Kama haibadilishiki, zungusha waya wake mara 8 hadi 10 ndani ya pete ya feraiti, karibu kabisa na kifaa. Kelele husafiri juu ya waya kama antena, na feraiti huikata njiani.

Sola inahitaji maelezo yake peke yake. Nikiwa Tanga, kwa wiki mbili nzima kila alasiri nilikuwa nikipata vilima vya kelele kwenye mita 25: kelele, nafasi kidogo, kelele tena, kwa umbali ule ule wa kilohezi. Nilizima meni swichi, kelele ikabaki. Nikaandika kwenye daftari kwamba stesheni imevurugwa. Kilichonishtua ni kwamba kila jua likizama ilikoma, na stesheni hiyo ilikuwa na matangazo ya usiku ambayo hayakuguswa. Mtambo wa kuvuruga haufuati jua la Tanga. Siku ya kumi na tano nilipanda kwenye bati nikalifunika paneli kwa blanketi la kijivu, mwanangu akiwa chini na redio. Blanketi lilipofika nusu ya paneli, akapiga kelele: "Imenyamaza baba! Wanasema!"

Ni kile kidhibiti chaji cha sola. Meni swichi ya umeme wa gridi haikigusi, kwa hiyo kinaendelea kupiga kelele hata nyumba ikiwa giza. Kwa hiyo fanya jaribio la blanketi, au usikilize baada ya Magharibi na ulinganishe. Dawa yake ni kusuka pamoja nyaya mbili za paneli kama msuko wa nywele, kuweka feraiti pande zote mbili za kidhibiti, na kuisogeza antena mbali. Kama ni sola ya jirani, ongea naye vizuri na umwombe ujaribu feraiti kwenye nyaya zake. Wengi hukubali ukiwaeleza.

Nguzo za umeme: kelele ya kutatarika, kali, inayokuja kiangazi na kupungua mvua inaponyesha, mara nyingi ni kikombe cha nguzo kilichopasuka au kiungo kilicholegea. Tembea na redio ukiwa kwenye masafa matupu, uone ni nguzo ipi inayoongeza sauti, kisha ripoti namba yake kwa shirika la umeme.

Onyo: usiigonge nguzo, usiutikise waya wake wa kushikilia, wala usifungue chaja au inveta. Kapasita zilizomo ndani hushika umeme hata baada ya kuzimwa.

Umefanikiwa pale masafa matupu, yasiyo na stesheni, yanapotoa mkwaruzo laini tu, na ukichomeka antena mkwaruzo unapanda kidogo. Hayo ni makelele ya anga, na hayana dawa.

## Hatua ya 3: Toa antena nje

Ning'iniza ule waya wa mita 8 hadi 10 kutoka dirishani hadi kwenye mti, mbali na nyaya za umeme na bati. Kelele za nyumba hukaa karibu na nyumba, kwa hiyo hata mita 5 za umbali hubadilisha mambo.

Usishawishike kufunga mita 30. Redio ndogo hulemewa, na ikilemewa huchanganya stesheni zenye nguvu na kuzileta mahali zisipokuwepo. Utasikia sauti mbili juu ya masafa yako na utadhani ni mvurugo. Ili kujua, sogeza swichi ya DX/LOCAL (ya kupunguza nguvu ya antena), kama redio yako inayo, kwenda LOCAL. Kama ile sauti ya pili imetoweka kabisa huku stesheni yako ikipungua kidogo tu, ni redio yako iliyokuwa imeshiba.

Onyo: waya usipite kamwe juu wala chini ya nyaya za umeme. Masika yakianza kunguruma, chomoa antena kwenye redio na uitupe nje. Hakuna matangazo yanayostahili kukaa na radi sebuleni.

## Hatua ya 4: Pima kelele kwa vipimo vinne

Sasa kama bado kuna kelele juu ya stesheni, ipime. Kaa na saa na daftari, na usikubali jibu kabla hujafanya vyote vinne.

Kipimo cha upana. Sogea kilohezi 5, kisha 10, kisha 20, juu na chini ya stesheni. Kelele ya nyumbani haijui stesheni yako, itaendelea kote, au itajirudia kama vile vilima vya sola. Kelele ya mvurugo imelengwa: itaishia kilohezi chache kila upande, na baada ya hapo utasikia masafa safi.

Kipimo cha kupanda na kushuka. Ishara iliyotoka mbali hupita angani, nayo huvuma ikizama na kuibuka, kama mtu anayesema akipita nyuma ya ukuta. Funga macho usikilize dakika tano. Kelele ikikaa kwa nguvu ile ile bila kutikisika, iko karibu nawe. Ikizama na kuibuka, imetoka mbali. Na hapa kuna jambo zuri sana la kusikia: kelele na stesheni hazizami pamoja, kwa sababu zimepita njia tofauti. Kelele inazama, sekunde tatu nne sauti ya mtangazaji inatokeza wazi, maneno mawili, kisha inafunikwa tena. Ukiisikia hali hiyo mara moja, hutaisahau.

Kipimo cha saa. Keti dakika kumi kabla matangazo hayajaanza. Mtambo wa kuvuruga hufanya kazi kwa ratiba: huwashwa karibu na saa ya matangazo na huzimwa yakiisha. Kelele ikikatika dakika ile ile mtangazaji anapoaga, umepata ushahidi mkubwa.

Kipimo cha sauti iliyo chini. Je, kuna mtu anayezungumza chini ya kelele? Kama hakuna kabisa, usiite mvurugo bado. Kuna matangazo ya kidijitali yaitwayo DRM, ambayo All India Radio kwa mfano huyatumia, na kwenye redio ya kawaida husikika kama mvumo mtupu wenye upana wa kilohezi 10, kingo zimekatwa kama kwa kisu. Orodha ya EiBi huweka alama ya DRM. Nimeona watu wazima wakigombana juu ya "mvurugo" ambao ulikuwa taarifa ya habari ya kidijitali.

Umefanikiwa ukiwa na majibu manne kwenye karatasi. Mvurugo wa kweli una upana mdogo, unazama na kuibuka, unafuata saa za stesheni, na una sauti ya mtu chini yake.

## Hatua ya 5: Itambue aina yake kwa sikio

Mvumo wa mvua juu ya bati. Ni kelele nyeupe, sawasawa, haina mdundo. Hii ndiyo ya jirani zetu: kwa miaka mingi matangazo ya Eritrea kwenye kilohezi 7140 na 7180 yamefunikwa na mvumo wa aina hii kutoka Ethiopia. Mwezi Machi 2010 Meles Zenawi, akiwa Waziri Mkuu wa Ethiopia, alisema hadharani kwamba wataalamu wake wakimhakikishia wana uwezo huo, atawaagiza wavuruge matangazo ya Kiamhariki ya Sauti ya Amerika. Kutoka Nairobi hadi Addis Ababa ni kilomita 1,160 hivi, na kutoka Dar es Salaam ni kama 1,750, umbali ambao masafa ya mita 41 huruka kwa raha jioni.

Ngoma na matoazi ya Kichina. Muziki wa asili usiokoma, bila mtangazaji, bila jina la stesheni. Wapenzi wa redio duniani wameupachika jina la Joka la Moto. China huutumia juu ya stesheni za nje zinazotangaza kwa Kichina na Kitibeti. Siku hizi mara nyingi badala yake wanaweka redio yao ya taifa, CNR 1, kwenye masafa yale yale, na kwa kuwa mitambo kadhaa hurusha pamoja bila kulingana, utasikia mwangwi, kila neno likijirudia. Hii inafika hadi pwani yetu bila shida.

Chungu kinachotokota. Mapovu ya haraka haraka. Ni ya Cuba juu ya Radio Martí, stesheni ya serikali ya Marekani iliyoanza tarehe 20 Mei 1985. Ndugu zetu walioko Marekani na Kanada ndio wenye nafasi nzuri ya kuisikia.

Kigong'ota. Mlio wa kugonga au kunguruma kwa mapigo sawasawa, upana mkubwa, mara unahama ghafla kwenda masafa mengine. Huu si mvurugo, ni rada ya kuona ng'ambo ya upeo wa macho. Inaharibu matangazo, ndiyo, lakini haikumlenga mtangazaji. Iandike rada.

Filimbi moja nyembamba. Stesheni mbili zimekaribiana mno, basi. Mara nyingi ni ajali ya ratiba, na hatua ya 7 inaiondoa kwa urahisi kuliko zote.

## Hatua ya 6: Thibitisha kwa masikio ya mbali

Kwenye intaneti kuna mamia ya redio za KiwiSDR ambazo wenyewe wameziacha wazi. Unafungua kwenye kivinjari, unaandika namba ya masafa, unasikiliza kwa antena iliyo nchi nyingine. Fanya hivi ukiwa chumba kingine, redio yako isiwe karibu na kompyuta.

Chagua tatu: moja karibu na nchi inayolengwa, moja karibu na mtambo wa stesheni, na moja mbali na zote mbili. Kelele ikiwa kali kwenye ile ya kwanza na hafifu kwenye zile nyingine, mtambo wa kuvuruga unaelekezwa huko. Kelele isiposikika popote isipokuwa kwako, rudi hatua ya 2 bila kuona haya.

KiwiSDR pia huchora ishara kama maji yanayoteremka kwenye kioo. Stesheni huonekana mstari mnyoofu katikati na mabawa mawili sawa. Kelele nyeupe ya kuvuruga huonekana kama mkeka mnene uliolala juu ya mabawa hayo. Angalia mkeka umelala katikati au umeelemea upande mmoja, uandike, maana ndiko tunakokwenda.

## Hatua ya 7: Ipate stesheni

Fuata mpangilio huu, kutoka lililo rahisi.

Masafa ndugu. Stesheni nyingi hutangaza kipindi kimoja kwenye masafa mawili au matatu. Anayevuruga lazima ayafunike yote, na kwa kawaida mojawapo hulegea. Jaribu yote, kisha pekua kilohezi 5 hadi 15 pembeni, kwa sababu stesheni inayosumbuliwa huhama kidogo bila kutangaza.

Kubana upana. Bonyeza BW, kitufe cha upana wa kusikiliza, ushuke hadi kilohezi 3 au 2.5. Sauti itakuwa nzito kama ya mtu aliyejifunika shuka, lakini kelele za pembeni zitabaki nje.

Upande mmoja kwa SSB. Matangazo ya kawaida yana mabawa mawili yanayobeba maneno yale yale. Ukimsikiliza mtangazaji kwenye bawa moja, bawa la pili unaliacha na kelele zake. Washa SSB, chagua LSB (bawa la chini), kisha zungusha taratibu sana. Utasikia filimbi ikishuka, ikiwa nzito, hadi inazama kabisa, na hapo sauti ya mtu inakuwa ya kawaida. Simama hapo hapo. Badilisha kwenda USB (bawa la juu) ulinganishe. Kama ule mkeka wa hatua ya 6 ulielemea juu, LSB itakuokoa, na kinyume chake. Kama ulilala katikati sawasawa, njia hii itasaidia kidogo tu, usipoteze jioni nzima.

Antena ya duara. Kata mita 3 na sentimita 14 za kebo ya TV, iviringe kwenye msalaba wa fito upate duara la kipenyo cha mita 1. Unganisha nyuzi za nje za kebo, ule wavu, kila ncha kwenye mguu wake wa kapasita ya kuzungusha. Kwa kapasita ya picofaradi 365 utashika takriban kilohezi 5000 hadi 18000. Ndani ya duara, upande ulio mkabala na kapasita, funga duara dogo la sentimita 20. Ncha zake mbili ndizo zinazokwenda kwenye redio. Zungusha kapasita taratibu: kuna mahali pamoja tu, pembamba, ambapo redio inafura ghafla. Hapo ndipo.

Duara lililosimama wima husikia vizuri kwa upande wa ukingo wake, na ni kiziwi kwa upande wa tundu lake. Hivyo elekeza tundu kwenye kelele. Chukulia uko Dar es Salaam au Mombasa, stesheni inatoka Madagascar, kelele inatoka Ethiopia. Elekeza tundu kaskazini. Madagascar iko kusini mashariki, kwa hiyo utapoteza sehemu ya ishara, lakini utabaki na ya kutosha. Stesheni hiyo hiyo ikihamia mtambo wa Eswatini, hila hii inakufa, kwa kuwa duara lina uziwi wa pande mbili, kaskazini na kusini pamoja.

Nikwambie ukweli wa kifaa hiki: kelele ya jirani kinaikata kama wembe. Kelele iliyopita angani kinaipunguza tu, kwa sababu inateremka kutoka juu na kwa pembe zinazobadilika. Inamisha duara kidogo mbele au nyuma, wakati mwingine uziwi unarudi. Kupunguza nako kunatosha mara nyingi, kwani sikio linahitaji nafasi ndogo tu kufuata sentensi.

Machweo. Kwenye mita 19 na 16, sikiliza kuanzia kama saa 12 jioni na kuendelea. Anga inapopoa, mruko mfupi (ishara kutoka karibu) hufa kwanza, mruko mrefu (kutoka mbali) hubaki. Mtambo wa kuvuruga ukiwa kilomita elfu moja au mbili kutoka kwako, na stesheni ikiwa Issoudun, karibu kilomita 7,000 kutoka Dar es Salaam, kuna dirisha ambalo kelele imeshindwa kukufikia na stesheni bado inafika. Dirisha hilo linaweza kuwa la dakika ishirini. Wakati wa Vita Baridi watangazaji wa Magharibi walipanga matangazo yao kwa kulifuata. Liandike saa yake kila siku kwa wiki moja, utaona linasogea kidogo kidogo na utalikuta mlangoni.

Umefanikiwa ukiweza kuandika mada ya habari tatu kwa maneno yako. Usingojee sauti safi kama ya FM.

Onyo: ziko nchi ambazo kusikiliza redio ya nje ni kosa la jinai, Korea Kaskazini ikiwa mfano mkali. Ukiwa ugenini, jua sheria za hapo kwanza. Na usijaribu kurusha chochote kumjibu anayevuruga. Mwongozo huu ni wa kupokea tu.

## Hatua ya 8: Andika na utume ripoti

Tumia SINPO, tarakimu tano kuanzia 1 hadi 5: nguvu ya ishara, mwingiliano wa mitambo mingine, kelele, hali ya anga, na jumla. Tarakimu 5 ni nzuri kabisa, 1 ni mbaya kabisa. Kosa ninaloliona kila mara ni kuweka mvurugo kwenye kelele. Mvurugo ni mtambo mwingine, unaingia kwenye I, tarakimu ya pili. Chaja na mikwaruzo ya radi ndiyo ya N, tarakimu ya tatu. Fundi wa stesheni akisoma 42542 anajua papo hapo: ishara yangu inafika, kelele za kawaida hazipo, kuna mtu amenikalia. Ukimwandikia 45242 atadhani umeishi karibu na nguzo mbovu.

Mstari mmoja wa daftari langu uko hivi:

*7140 kHz, 1710–1725 UTC, SINPO 32432, mvumo mweupe, upana kama kHz 10 kila upande, unazama na kuibuka, Kitigrinya chini yake, redio kwa betri, waya mita 9.*

Itume kwa stesheni yenyewe, na uambatishe rekodi ya dakika moja au mbili. Wao ndio wanaoweza kuhamisha masafa, na mara nyingi hawana sikio jingine upande huu wa dunia. Kama kelele iko kati ya kilohezi 7000 na 7200, wajulishe pia chama cha redio za ridhaa cha nchi yako. Katika kanda yetu eneo hilo limetengwa kwa waendeshaji wa ridhaa, si kwa stesheni za matangazo, tangu mwaka 2009, na umoja wao wa kimataifa, IARU, unakusanya ripoti za wavamizi na kuzifikisha kwa mamlaka za mawasiliano.

Ikifika Jumapili ya mwisho ya Machi au ya Oktoba, piga mstari chini ya ukurasa, pakua orodha mpya, na urudi hatua ya 1.